Dawa ya kichocho kwa watoto wadogo: kemia imejibu swali lake, kazi sasa ni kumfikia mtoto asiye shuleni

Kingatiba ya kichocho inapofika katika shule ya msingi, iwe Kilosa mjini, Kimamba, Ruhembe au kwingineko nchini, mtoto hapandishwi kwenye mizani kabla ya kupewa dawa. Husimamishwa kando ya fimbo yenye alama, na urefu wake ndio unaoamua idadi ya vidonge atakavyomeza mbele ya mwalimu. Alama ya chini kabisa ya fimbo hiyo iko kwenye sentimita 94, na mtoto anayeifikia hupata kidonge kimoja cha miligramu 600 za prazikwanteli. Asiyeifikia hana fungu lake kwenye fimbo. Mtoto wa miaka miwili anayeoga na mama yake katika mfereji wa mpunga, akiwa na minyoo ileile aliyonayo kaka yake wa darasa la tatu, kwa miaka mingi hakuwa na kidonge chake.

Pengo hilo halikutokana na uzembe wa wahudumu. Chanzo chake ni dawa yenyewe, na kwa undani zaidi ni namna molekuli zake zilivyopangika. Mwezi Mei 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliithibitisha arprazikwanteli, dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita, na kuiingiza katika orodha ya dawa zilizokidhi vigezo vyake vya ubora. Mwaka 2025 watoto wa Uganda wakaanza kuipata nje ya majaribio ya kitabibu. Hatua hizo zinagusa moja kwa moja wilaya kama Kilosa, na maana yake haieleweki vizuri bila kupitia kidogo kwenye maabara ya kemia.

Kilosa ni wilaya ya maji. Mto Mkondoa unapita mjini Kilosa, na wakazi wa huko hawajasahau mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyozoa nyumba na kuharibu reli. Mto Mkata unapita tambarare ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na maji yake huishia katika mto Wami. Upande wa kusini, chini ya milima ya Udzungwa, Ruaha Mkuu unamwagilia mashamba ya miwa. Katikati ya mito hiyo kuna skimu za mpunga, mabwawa ya kunyweshea mifugo na mifereji isiyokauka mwaka mzima. Maji ya aina hiyo, yanayotembea polepole na kuota majani kingoni, hupendwa na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Ugonjwa wenyewe upo katika mikoa yote ya Tanzania Bara, na kwa wingi wa wagonjwa Tanzania imekuwa ikitajwa kuwa ya pili barani Afrika baada ya Nigeria.

Vimelea hutoka kwa konokono, huelea majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia maji hayo, hata akiwa amesimama tu hadi magotini. Ndani ya mwili hukua kuwa minyoo inayoishi katika mishipa ya damu, dume na jike wakiwa pamoja kwa miaka. Madhara huletwa zaidi na mayai. Katika kichocho cha mkojo mayai hutoboa kibofu na kusababisha damu kwenye mkojo, dalili ambayo katika baadhi ya jamii imewahi kuchukuliwa kuwa ni kubalehe kwa mvulana. Kwa wanawake na wasichana mayai hukwama katika njia ya uzazi na kuleta vidonda, maumivu na wakati mwingine ugumba. Mtoto mdogo hupungukiwa damu na kudumaa. Ugonjwa ukiachwa kwa miaka mingi unaweza kuzaa saratani ya kibofu, na kimelea cha kichocho cha mkojo kimewekwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa.

Historia ya kuutibu ugonjwa huu ilianza na metali. Mwaka 1918 daktari Mwingereza J. B. Christopherson, aliyekuwa akifanya kazi Khartoum, alitangaza kwamba sindano za chumvi ya antimoni na asidi ya tartariki zinaua minyoo ya kichocho. Chumvi hiyo ni mfano wa kile ambacho wanakemia hukiita kampaundi changamani za metali: atomu ya metali, peke yake sumu isiyochagua, inashikwa na molekuli nyingine zinazoizunguka kama vidole vinavyoshika jiwe. Namna inavyoshikwa huamua itayeyuka wapi, itafika wapi mwilini na itamdhuru nani kwanza. Katika dawa ya Christopherson molekuli mbili za tartari zilizishika atomu mbili za antimoni. Ilikuwa tiba ya kwanza ya kweli ya kichocho, na ikatumika kwa miongo kadhaa barani Afrika.

Ilikuwa pia tiba ya mateso. Sindano zilipigwa kwenye mshipa, polepole, kwa wiki kadhaa. Mgonjwa alikohoa na kutapika, mapigo ya moyo yakabadilika, na dawa ikivuja nje ya mshipa nyama ya mkono ilioza. Kumpa mtoto mdogo tiba ya namna hiyo kulihitaji ujasiri usio wa kawaida. Nchini Misri, ambako serikali iliendesha kampeni kubwa ya sindano hizo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti walikuja kuonyesha mwaka 2000 kwamba sindano zilizorudiwa bila kuchemshwa ipasavyo zilieneza homa ya ini aina ya C kwa watu wengi mno. Ni tukio linalofaa kukumbukwa kila inapodhaniwa kwamba dawa yenye nguvu inatosha, hata kama mfumo wa kuifikisha una kasoro.

Prazikwanteli ilipopatikana nchini Ujerumani katika miaka ya 1970, kupitia kazi ya kampuni za Merck na Bayer, mambo yaligeuka. Haina metali. Humezwa, kwa kawaida kwa siku moja, na inatibu aina zote kuu za kichocho. Antimoni ikawekwa kando. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi sita za Afrika zilizoanza mipango ya kitaifa ya udhibiti katika miaka ya mwanzo ya 2000 kwa msaada wa kitaalamu kutoka Uingereza, na tangu 2007 kampuni ya Merck ya Ujerumani (isichanganywe na ile ya Marekani yenye jina kama hilo) imekuwa ikiipa WHO vidonge bila malipo kwa ajili ya watoto wa shule. Ahadi yake imefikia hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka.

Kidonge hicho, hata hivyo, kina siri ambayo wengi wanaokigawa hawajaelezwa. Nusu yake haifanyi kazi.

Sababu ni isoma. Isoma ni molekuli zenye atomu zilezile, kwa idadi ileile, zilizopangwa tofauti. Mfano rahisi ni mikono miwili ya mtu: vidole ni vitano kila upande, urefu ni uleule, lakini mkono wa kulia hauingii katika glavu ya kushoto. Molekuli ya prazikwanteli ina sura mbili za namna hiyo, na kiwandani huzalishwa zote mbili kwa pamoja, nusu kwa nusu. Katika kidonge cha miligramu 600, miligramu 300 ni za mkono unaoingia katika kufuli ya mnyoo na kumkakamaza. Nyingine 300 ni za mkono wa pili, ambao haumfanyi mnyoo lolote la maana. Mkono huo wa pili ndio mchungu zaidi.

Jambo hili si geni katika tiba. Kwinini na kwinidini zina atomu zilezile. Moja imejulikana Afrika Mashariki kwa vizazi kama dawa ya malaria, nyingine imetumika kurekebisha mapigo ya moyo. Mfano ulio mzito zaidi uko katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Wanawake wanaotibiwa saratani ya mlango wa kizazi, wakiwamo wanaopewa rufaa kutoka Morogoro, mara nyingi hupewa sisplatini pamoja na mionzi, na dawa hiyo hutumika pia kwa saratani ya kibofu. Sisplatini ni kampaundi changamani ya platini: atomu moja ya metali hiyo katikati, klorini mbili na amonia mbili pembeni. Klorini zikikaa upande mmoja, ni dawa ya saratani iliyookoa maisha ya wengi tangu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1978. Zikikaa pande zinazotazamana, ni kampaundi nyingine yenye atomu zilezile kabisa, isiyotibu. Ilijulikana kama kitu cha maabara tangu 1844, lakini faida yake kwa wagonjwa ilianza kuonekana miaka 121 baadaye, Barnett Rosenberg wa Michigan alipokuwa akipitisha umeme katika bakteria na kuona wanarefuka bila kugawanyika. Utafiti wa aina hiyo, ambao siku ya kwanza hauonekani kuwa na mteja, ni rahisi kukatwa bajeti zinapobana.

Kwa prazikwanteli, wanasayansi walijua mapema mkono upi unafanya kazi. Kilichokosekana ni njia nafuu ya kutenganisha. Kuzalisha mchanganyiko ni rahisi. Kuutenganisha kunaongeza gharama, na dawa ya watu maskini haivumilii gharama. Mtu mzima humeza vidonge vyenye nusu isiyofanya kazi bila madhara makubwa, hivyo hapakuwa na msukumo. Mtoto wa miaka miwili ndiye aliyelipia. Kidonge ni kikubwa, lazima kipasuliwe au kisagwe, na kikisagwa uchungu wote hutoka. Mtoto hukitema au hukitapika, na hakuna anayejua ni kiasi gani kimebaki tumboni.

Suluhisho lilitoka kwenye pande mbili. Katika Chuo Kikuu cha Sydney, timu ya mwanakemia Matthew Todd, ikiungwa mkono na WHO na serikali ya Australia, iliweka tatizo hilo hadharani mtandaoni ili mtaalamu yeyote duniani achangie, na mwaka 2011 ikachapisha njia za kutenganisha mikono hiyo miwili kwa kutumia asidi za jamii ya tartariki. Kwa wapenda historia ya sayansi hilo lina utamu wake. Chumvi ya asidi hiyohiyo ndiyo ambayo Louis Pasteur aliitenganisha fuwele kwa fuwele mwaka 1848 na kugundua kwamba molekuli zina kulia na kushoto, na ndiyo iliyoishika antimoni ya Christopherson. Upande wa pili, mwaka 2012 uliundwa muungano wa kampuni, vyuo na taasisi za utafiti, ukiwamo mchango wa Astellas ya Japani na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), kwa lengo moja la kutengeneza kidonge cha watoto wadogo. Majaribio ya awamu ya tatu yalifanyika Kenya na Côte d'Ivoire. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni chanya ya kisayansi, na miezi mitano baadaye WHO ikafuata.

Kidonge kipya kina miligramu 150 za mkono ufanyao kazi peke yake. Huyeyuka katika maji kidogo, hakina uchungu ule, na kimetengenezwa kustahimili joto la nchi zetu. Inafaa kuondoa dhana moja iliyoanza kusambaa, kwamba kwa kuwa nusu isiyofaa imeondolewa basi mtoto anahitaji nusu ya dozi. Sivyo. Mwili wa mtoto mdogo huisafisha dawa haraka, na katika majaribio ya awamu ya tatu dozi ilikuwa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito kwa kichocho cha tumbo na 60 kwa kichocho cha mkojo. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa kilo 12 mwenye kichocho cha tumbo anahitaji vidonge vinne. Mhudumu atakayekadiria kwa mazoea ya kidonge cha zamani atakosea.

Hapa ndipo suala linapotoka maabara na kuingia katika ofisi za serikali. Dawa kuthibitishwa na WHO hakuifanyi iwe halali kutumika nchini. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) lazima iisajili. Tanzania ina nafasi nzuri katika hili, kwa kuwa mamlaka yake ya dawa ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na WHO, Desemba 2018, kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa udhibiti, na imo katika utaratibu wa kushirikiana unaolenga kukamilisha usajili wa dawa zilizokwisha kuthibitishwa na WHO ndani ya siku 90. Baada ya usajili hufuata mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, kisha Bohari ya Dawa. Ushirikiano wa kuhamishia uzalishaji katika kiwanda cha Universal Corporation nchini Kenya nao unaikaribiza dawa hii na Afrika Mashariki.

Hayo yote yana taratibu zake na watu wake. Swali gumu zaidi ni lile ambalo kemia haiwezi kulijibu: nani atamfikia mtoto?

Mfumo wa sasa umejengwa juu ya shule, na umefanya kazi kubwa, kwa sababu shule ina daftari la majina, ina mwalimu na ina siku inayojulikana. Mtoto wa chini ya miaka mitano hana daftari la aina hiyo. Yuko mgongoni kwa mama anayepanda mpunga, au nyumbani na bibi, au katika boma la wafugaji huko Parakuyo, au katika kambi ya vibarua wa miwa upande wa Mikumi ambako familia huja na kuondoka kwa msimu. Kinachomkaribia kuwa daftari ni kadi ya kliniki. Siku za chanjo, matone ya vitamini A na dawa za minyoo ya tumbo ndizo ambazo mama huja mwenyewe, na ni busara dawa mpya ipandishwe kwenye gari hilo lililokwisha kuwapo badala ya kuundiwa kampeni yake. Tatizo ni kwamba ratiba ya chanjo za msingi hupungua baada ya miezi 18, na baadhi ya akina mama huacha kuja kliniki hapo hapo, wakati mtoto ndiyo kwanza anaanza kukimbilia mfereji kwa miguu yake.

Mwongozo wa WHO wa Februari 2022 uliliona hilo. Unapendekeza kwamba katika jamii ambazo watu 10 au zaidi katika kila 100 wana kichocho, kingatiba ya kila mwaka itolewe kwa wote kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwamo watu wazima, wanawake wanaonyonyesha na wajawazito waliopita miezi mitatu ya kwanza. Kwa wilaya yenye sura nyingi kama Kilosa, kipimo hicho kinahitaji takwimu za kata na kijiji. Wastani wa wilaya unaweza kuficha kijiji cha skimu chenye wagonjwa tele nyuma ya kijiji cha mlimani kisicho na mgonjwa. Halmashauri inayotaka kuwa tayari dawa itakapofika inaweza kuanza na ramani ya mifereji na mabwawa yake, kazi isiyohitaji kidonge hata kimoja.

Kuna tahadhari mbili za kitaalamu zinazowahusu wazazi. Prazikwanteli, ya zamani na mpya, huua minyoo iliyokomaa. Ile michanga iliyoingia mwilini wiki chache kabla ya dawa huponyoka na kukua. Ndiyo maana mtoto aliyetibiwa Oktoba anaweza kuwa na damu kwenye mkojo kabla ya Oktoba inayofuata, na hilo halimaanishi kwamba dawa ilikuwa feki. Visima, vyoo, na mahali pa kufulia palipo mbali na mfereji hupunguza kile ambacho kidonge hakifikii. Tahadhari ya pili ni kwamba hakuna sababu ya kukataa kidonge kinachogawiwa shuleni sasa kwa kusubiri kipya. Nusu yake isiyofanya kazi haimdhuru mtoto wa shule, na nusu inayofanya kazi inafanya kazi. Apewe akiwa amekula, kwani tumbo tupu huongeza kichefuchefu na kizunguzungu, na malalamiko ya wazazi baada ya siku ya kingatiba mara nyingi huanzia hapo.

Kwa mtoto asiyefikia sentimita 94, mzazi anayeona damu kwenye mkojo wake hahitaji kusubiri kampeni yoyote. Kichocho hupimwa kwa mkojo au choo katika kituo cha afya chenye maabara, na tabibu anaweza kumtibu mtoto mmoja mmoja kwa kupima uzito wake na kukadiria kidonge kilichopo, kikisagwa na kuchanganywa na chakula.